Beseni Lililorudishwa Kabati

Jumamosi alasiri, Muthoki alikuwa akipepeta ndengu mbele ya nyumba yake, nje kidogo ya soko la Kabati, bikizee mmoja alipoingia uani na gunia mgongoni. Alimzidi Muthoki umri kwa mbali, lakini akamwinamia kama mtu anavyomwinamia nyanya yake.

"Hujambo, susu?" akasema, akimwita nyanya kwa Kikamba.

"Sijambo. Wewe ni wa nani?"

"Wa kwako. Huyo mtoto aliye tumboni mwa Kanyiva ndiye atakayekuwa nyanya yangu. Mimi nilipewa jina lako."

Muthoki akamtazama masikio. Yalikuwa ya upande wao. Akamletea kigoda.

Bintiye Kanyiva alikuwa amelala ndani, mimba imemlemea, kwa hivyo waliongea kwa sauti ya chini wasimwamshe.

Mgeni akafungua gunia. Akatoa beseni la buluu lililopasuka, ambalo Muthoki alilitupa korongoni baada ya Krismasi. Akatoa mtungi wa mafuta ya kupikia, ndara za marehemu mumewe, na nepi za wajukuu, zingali zimefura.

"Tumeshindwa navyo," akasema. "Kisima cha mchangani, pale korongoni, hakitoi maji tena. Ukichimba unakuta hivi, ukizidi kuchimba unakuta hivi. Mbuzi tuliacha kufuga."

"Na watoto wako wanasemaje?"

"Sikujaliwa. Wenzangu pia. Daktari alisema plastiki imo kwenye damu. Mimi ndiye wa mwisho kwenye boma hili."

Muthoki akampakulia ndengu na chapati. Mzee akala zote.

Kisha Muthoki akajitwika gunia hadi kwa Mutunga, mwenyekiti wa soko. Alimkuta ameketi kando ya rundo la taka refu kumliko.

"Hata mimi nililetewa zangu jana," Mutunga akasema. "Mwenye bucha pia. Gari la taka lingekuwepo, ningekuambia upakie."

"Sasa nipeleke wapi?"

Mutunga akaelekeza korongoni kwa kidevu. Watu walikuwa wamepanga foleni ukingoni, kila mmoja na gunia lake, wakiulizana habari za mvua.

Muthoki akapanga foleni, akamwaga.

Aliporudi, mgeni alikuwa amesimama langoni, akijifunga leso aondoke.

"Umeviweka wapi, susu?"

Muthoki akainamisha macho kama mtoto aliyefumaniwa kwenye sukari. "Mahali tu."

"Haya," akasema yule mzee, bila hasira. "Basi nitavikuta."