Futi Nane za Ziwa Corliss

Kila Jumamosi saa tatu asubuhi Maudie Ugalde alifagia mteremko wa kushushia boti. Mchanga ukiachwa juu ya zege, magurudumu ya trela huteleza, na trela ikiteleza pikapu huifuata. Alianzia juu, penye kibao kilichosema mteremko huu umejengwa kwa ruzuku ya serikali kuu kwa ajili ya wanaovua kwa burudani na wenye boti, akashuka taratibu mpaka zege linapoingia ziwani. Hapo aliweka ufagio chini, akawasha kijiti cha kiberiti, akainama nacho. Kijiti kilipopita usawa wa goti kikazimika. Akajua maji yako palepale, akarudi juu.

Ziwa Corliss lilikuwa limekauka mwaka wa kumi na moja sasa. Maji yake yaligeuzwa huko juu, yakapelekwa kwenye mashamba ya majani ya ng'ombe, na huku chini likabaki vumbi jeupe na makopo ya bia. Lakini mteremko ulikuwa na masharti yake. Ruzuku ile hutokana na kodi ndogo anayolipa kila mtu anunuapo ndoano au mafuta ya boti, na kilichojengwa kwayo sharti kitumike mpaka umri wake uishe. Mteremko ulikuwa bado una miaka. Basi ofisi ya samaki ya jimbo ikaandika kwamba ziwa lipo, katika usawa wake wa zamani, na ziwa likawepo.

Halikulowesha kitu. Mti haukulinywa, wala ng'ombe. Lakini boti zilielea juu yake, futi sitini kutoka kwenye vumbi, na mtu akisimama ukingoni aliona matumbo ya boti na miguu ya wanaoogelea. Samaki aina ya trauti walipita katikati ya hewa wakifumbua vinywa. Watu walikuja kutoka mbali na trela zao, wakavua, wakala mayai ya kukaanga hotelini, wakanunua minyoo kwa Vern Kittredge, wakaondoka wameridhika.

Siku barua ile ilipotiwa saini, Leland, mdogo wake mume wa Maudie, alikuwa katikati ya ziwa kwa miguu, akiokota ndoano za zamani. Maudie alikuwa amempelekea kahawa huko muda si mrefu. Walimvua kwa nyavu. Nguo zake zilikuwa kavu na mifuko imejaa ndoano na vumbi. Daktari alitoa maji kifuani mwake, vikombe viwili, na hayo ndiyo maji pekee ya Ziwa Corliss yaliyoonekana kwa macho tangu likauke. Tangu siku hiyo Maudie hakutembea bila kiberiti.

Nyumba yao ilikuwa juu kidogo ya ukingo. Orrin, mumewe, aliijenga kwa mikono yake walipooana. Sasa Orrin alikuwa na miaka themanini na mmoja, na hakuweza kutoka kitandani. Vumbi la ziwa lilimwingia mapafuni miaka yote hiyo, likakaa. Alipumua kwa mluzi. Kitanda chake kilikuwa sebuleni, karibu na dirisha, kwa sababu alipenda kuona boti.

Jumanne moja ya mwezi wa sita Maudie alifungua mlango kwenda kutupa maganda ya viazi, akahisi ubaridi kwenye vifundo vya miguu. Alitazama chini. Miguu ilikuwa mikavu. Akawasha kijiti, akakishusha mbele ya kizingiti, na kijiti kikazimika.

Akawasha kingine. Nacho kikazimika palepale.

Hakumwambia Orrin. Alifunga mlango, akasukumia taulo chini yake, akaenda kwa Vern. Vern alikuwa anahesabu minyoo.

"Ofisi wameomba ruzuku nyingine," Vern alisema. "Gati la kuelea, vyoo vipya, na kurefusha mteremko. Ombi limeshafika kwa mkubwa wa jimbo. Mbona umekuwa mweupe hivyo? Umemwaga unga?"

"Maji yako mlangoni kwangu, Vern."

Vern aliacha kuhesabu.

Ofisi ya samaki ilikuwa mji wa pili, mwendo wa saa moja na nusu. Bibi aliyeshughulikia maombi ya ruzuku aliitwa Charlene Pruitt, mtu mpole, mezani pake kuna peremende kwenye bakuli. Alitoa nakala ya ombi, akapitisha kidole. Usawa wa ziwa: futi elfu nne, mia moja na ishirini na nane.

"Ni kumi na nane," Maudie alisema. "Miaka yote ni kumi na nane. Orrin mwenyewe aliweka alama kwenye mwamba."

Pruitt alivaa miwani. "Ee, kweli. Kidole kimeteleza."

"Basi kirudishe."

"Ningekirudisha, Bi Ugalde. Lakini fomu hii inatiwa saini na wanne, na wa kwanza keshatia. Nikiivuta, inaenda mwisho wa foleni, na mji wenu unakosa gati."

"Sakafu yangu iko futi mbili juu ya maji ya zamani. Saini moja tu, yamefika mlangoni. Mume wangu hainuki."

"Pole sana," Pruitt alisema, na alikuwa anasema kweli. "Kuna siku thelathini za maoni ya wananchi. Andika. Kila maoni yanasomwa. Chukua peremende."

Maudie aliandika kwa penseli, mezani jikoni, miguu ameiweka juu ya kiti kingine. Aliandika usawa wa nyumba, jina la Orrin na umri wake, na kwamba hainuki. Baada ya wiki mbili alipata kadi yenye picha ya trauti. Ilisema tunashukuru kwa maoni yako. Siku hiyohiyo mtu wa pili alitia saini, na maji yakapanda mpaka katikati ya miundi.

Yalikuwa maji mazito, ingawa makavu. Gauni lilimpanda Maudie lilivyotaka. Alipokwenda jikoni alikwenda polepole, kama mtu anayebeba ndoo kichwani, na kila alipopita kitandani aliwasha kijiti, akakishusha ubavuni mwa godoro. Kati ya moto kuzimika na godoro ilikuwa shubiri mbili. Aliingiza matofali chini ya miguu ya kitanda.

"Unafanya nini huko chini?" Orrin aliuliza.

"Nafagia."

"Unafagia na kiberiti?"

Akamwambia. Kifua cha Orrin kilipiga mluzi, halafu akasema alikuwa anajua, maana asubuhi samaki alipita chini ya kiti akamtazama.

Vern alikuja mchana, akasimama katikati ya sebule, maji yakiwa yamempita soksi.

"Mhamishe," alimwambia Maudie. "Binti yenu ana chumba."

"Sihami," Orrin alisema.

"Mzee, wewe mbishi kuliko nyumbu."

"Nyumbu angeshahama."

Vern alicheka kidogo, akaacha. Maudie akasema, "Kuna njia. Nitaandika waje wapime. Mtu akija na kipimo ataona hakuna hata tone. Maji yataondoka."

"Ataona, ndiyo. Ataona vumbi. Na kesho yake mimi minyoo nimuuzie nani? Kuku?" Vern alivua kofia, akaizungusha mikononi. "Hoteli itafungwa. Mji wote utafungwa, Maudie. Sikwambii usiandike. Nakwambia tu."

"Na wakiandika hakuna ziwa," Orrin alisema kwa sauti ndogo, "Leland alizama wapi?"

Vern aliirudisha kofia kichwani.

Maudie hakuandika wiki hiyo. Aliketi kando ya kitanda akisikiliza. Alijua mluzi wa vumbi. Aliusikia miaka kumi. Alichokuwa anakisubiri ni sauti nyingine, sauti ya mtu anayemeza, ile ambayo hakuna aliyeisikia siku ya Leland kwa kuwa hakuna aliyekuwa naye. Orrin akikohoa, moyo wa Maudie ulisimama. Orrin asipokohoa, ulisimama vilevile. Jiko la gesi lilikuwa bado linawaka, na kila lilipowaka alilitazama kwanza, halafu akamtazama Orrin.

Mtu wa tatu alitia saini siku ya Alhamisi, saa nne. Maudie alijua saa kwa sababu alikuwa anakoroga uji wa shayiri, na moto wa jiko ukafa wote kwa pamoja. Aligeuka. Shuka la Orrin lilikuwa linainuka pembeni, polepole, kama ukurasa unaofunuliwa. Alimfikia akamwinua kichwa, akamkalisha, akamkumbatia kwa nyuma kidevu chake kikiwa juu, na akamwita Vern kupitia dirishani mpaka sauti ikamkauka.

Vern alikuja na boti yake ya bati. Hakuna aliyeona ajabu. Aliipitisha mlangoni kwa ubavu, ikaelea sebuleni kati ya kabati na televisheni, na wakamlaza Orrin ndani yake na mito miwili na mashine yake ya hewa.

"Hii ndiyo mara yako ya kwanza kuingia boti bila kulalamika," Vern alimwambia.

"Subiri nipate nguvu," Orrin alisema.

Hapo Maudie aliandika. Hakumwuliza mtu. Aliandika: njooni mpime, namba si ya kweli, nyumba yetu imo ziwani. Vern mwenyewe ndiye aliyeipeleka barua posta, na alipoitumbukiza alisimama pale muda mrefu na mkono ndani ya sanduku.

Barua ilichukua siku tisa. Saini ya nne ilichukua sita. Dari lilipokuwa limewakaribia, Vern alipanda juu ya paa na msumeno wa mashine akakata tundu la mraba, ukubwa wa mlango wa ghala, na boti ikapita hapo polepole, Orrin chali akitazama mbingu inavyokuja. Maudie alikuwa ameketi miguuni pake, amemshika vifundo. Walipofika juu ya paa, maji yakakoma. Chini yao waliona kitanda, sufuria ya uji, na viatu vya Orrin mlangoni. Trauti watatu walikuwa wanazunguka taa.

Ilichukua muda kabla Maudie hajatambua kilichopungua. Mluzi ulikuwa umekoma. Vumbi halikufika huku juu.

"Napumua," Orrin alisema.

"Usiseme sana," Maudie alimwambia, kwa sababu aliogopa kitu kisije kikasikia.

Charlene Pruitt alikuja siku ya tatu, katika boti ya ofisi, jaketi la kujiokoa limefungwa mpaka shingoni. Alifunga kamba kwenye bomba lao la moshi. Alikuwa amekuja kupima, kama alivyoombwa. Alishusha timazi kupitia tundu la paa, lile jiwe la risasi likapita mbele ya saa ya ukutani likagonga sakafu ya sebule, akasoma alama kwenye kamba. Akashusha tena jikoni. Akajumlisha na usawa wa sakafu kwenye karatasi.

"Ishirini na nane kamili," alisema. Alionekana amepata nafuu. "Na mimi nilidhani nimekosea."

"Sasa ndiyo unapima," Maudie alisema. "Ungepima mwezi wa sita."

"Mwezi wa sita hapakuwa na ombi la kupima, Bi Ugalde." Alifunua fomu nyingine. "Mkiwa hapa, kuna hii ya watumiaji, ni maswali machache tu. Mko wangapi botini?"

"Unatuona."

"Wawili. Mmekuja kuvua, kujiburudisha, au mengineyo?"

Maudie alitazama chini, kwenye jiko lake. "Mengineyo."

"Mengineyo hayahesabiwi," Pruitt alisema kwa upole. "Wavuvi wakipungua, mwakani watu wa serikali kuu wanaweza kuanza kuuliza kuhusu usawa. Wakiuliza, wanaushusha siku hiyohiyo. Boti zote zilizo juu zinashuka nao."

Maudie alipima kwa macho kutoka pale walipo mpaka sakafuni. Futi nane. Kwa mtu mwenye afya ni kuteguka mguu. Kwa Orrin ilikuwa kurudi kwenye vumbi, kama angefika mzima. Na kule katikati ya ziwa, ambako kamba ikikatika boti ingepelekwa na upepo, zilikuwa sitini na zaidi.

"Andika kuvua," Orrin alisema.

Pruitt akaandika. Akawaambia gati jipya likikamilika, umri wa mteremko utaanza upya, miaka ishirini kamili tangu saini ya mwisho. Aliwaachia fimbo ya kuvulia ya ofisi, kopo la minyoo, na kijitabu cha usalama majini. Vern, aliyekuwa anawaletea mkate na kahawa kila asubuhi, aliitambua minyoo ile kuwa ni yake.

Siku hizi Maudie huvua kupitia tundu la paa, kuanzia saa mbili mpaka saa sita, kwa sababu hizo ndizo saa ambazo boti ya ofisi hupita kuhesabu. Samaki hukamatwa zaidi upande wa chumba cha kulala. Akishachoka hulala ameketi, mgongo kwenye benchi la nyuma, na vidole vyake vinne vimepita ndani ya mkanda wa suruali ya Orrin, vimekunjwa. Orrin akijigeuza, naye huamka. Upepo ukitoka juu huleta harufu ya majani ya ng'ombe yaliyokatwa asubuhi ileile, mabichi, yameshiba maji.