Unene wa Mhoja

Mume wangu alianza kunenepa mwaka uleule nilioanza kukonda mimi. Watu wa mtaa wetu wa Pasiansi, Mwanza, waliyaona yote mawili, ila hakuna aliyejisumbua kuyaunganisha.

Mhoja alikuwa mwembamba tangu nimjue. Baba yake naye nilimkuta hivyohivyo, shati linamning'inia kama limeanikwa, na bado analima kutwa bila kupumzika. Ukoo wao ni watu wakavu. Lakini miaka ile ya tisini wembamba haukuwa tena umbo la mtu. Kila mtaa ulikuwa umeshazika watu wa ukimwi, na kila mtu alijiona daktari. Ukipita umekonda, waliokaa barazani wananyamaza. Ukishapita, wanasema umekanyaga waya.

Alikuwa akiuza vitambaa dukani kwa Mzee Natvarlal, huko mjini. Mitumba ilipoanza kuingia kwa marobota wateja walipungua, na hao wachache waliobaki wakaanza kumwomba Mzee awapimie vitenge kwa mkono wake mwenyewe. Siku moja Mzee akamwita kando.

"Mhoja, mimi sina ubaya na wewe. Lakini wateja wananiuliza maswali. Kaa nyumbani kwanza, ule vizuri. Ukirudi na mwili, kazi yako ipo."

Alikwenda hospitali akapimwa damu. Hakuwa na kitu. Daktari alimwambia kuna watu ambao miili yao inachoma chakula upesi, kama jiko lililowekwa penye upepo. Ale zaidi, asihangaike. Akarudi anacheka, akawatangazia majirani. Wakasema, "Tunamshukuru Mungu," na wakaendelea kukataa maji ya kikombe chetu.

Ale zaidi. Chakula chenyewe kilitoka kwangu sasa. Nilikuwa nakaanga mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki viwanda vikishachukua minofu ya kupeleka Ulaya. Wazungu wanakula samaki, sisi tunanyonya uti wa mgongo. Nilikaanga kando ya barabara, na jioni nilirudi na unga na mapanki yaliyobaki. Mhoja alikula, akaongeza, akajilazimisha mpaka jasho likamtoka, na bado suruali aliifunga kwa kamba. Kuna siku nilimkuta anajipima mkono kwa vidole, kidole gumba na cha kati, kuona kama bado vinakutana. Vilikutana. Nilimwonea huruma sana siku ile.

Ngosha ndiye aliyeleta dawa. Alikuwa jirani yetu, mbeba mizigo wa bandarini, mtu wa kifua kama mlango.

"Tatizo lako hamu," alimwambia Mhoja mbele yangu. "Unakula kama unayemeza vidonge. Vuta msokoto mmoja kabla ya chakula, uone kama sahani itatosha."

"Bangi?" nikauliza.

"Shemeji, usitaje hivyo kama polisi. Babu zetu walivuta, wakalima."

Mhoja hakuwa mvutaji hata wa sigara. Mara ya kwanza alikohoa mpaka akalia machozi, Ngosha akamcheka. Halafu akaketi akala ugali wote wa sufuria, akakomba ukoko, akaniuliza kama kuna kingine. Nilicheka na mimi. Nilidhani tumepata njia.

Mwili wake ulikuwa unachoma kweli, lakini sasa alikuwa anaujaza kuliko unavyoweza kuchoma. Alikula asubuhi, akala mchana, jioni akala kama mtu aliyetoka kufungwa. Mashavu yakaja. Shingo ikaja. Alipita barazani polepole makusudi, ili aonekane.

Pato langu halikuongezeka. Sufuria ilikuwa ileile. Nilimpakulia yeye, kisha binti yetu Hellen, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutembea, kisha nikaangalia kilichobaki. Mara nyingi nilikunywa maji ya moto na chumvi nikalala. Nilimwambia.

"Baba Hellen, chakula hakitoshi. Punguza kidogo."

Macho yake yalikuwa mekundu, yametulia. "Nikipunguza nitarudi kule. Unataka wanizike nikiwa hai?"

"Na mimi?"

"Wewe ulikuwa na mwili tangu kwenu. Utavumilia."

Nilivumilia. Mzee Natvarlal alimrudisha kazini, akamsifu mbele ya wateja, na nikajua sasa tutapumua. Lakini mshahara ulikuwa na Ngosha ndani yake, na nyama choma ya kula njiani kabla ya kufika nyumbani, kwa sababu ile njaa haikuweza kusubiri. Mimi magauni yakaanza kunipwaya. Wateja wa mapanki wakawa wanachagua kwa mwenzangu upande wa pili wa barabara. Mwanamke mmoja niliyemkopesha mara nyingi aliniambia, kwa sauti ya huruma, "Dada, waume zetu hawa. Anakuachia wewe, yeye ananawiri."

Maneno yalifika Buswelu kwa mama mkwe. Alikuja na kapu la viazi, akaketi uani, mimi nikapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia marahaba. Alinitazama mifupa ya kifua. "Mwanangu alisemwa sana, akapimwa, akaonekana safi. Sasa amepona kabisa. Wewe una nini?"

"Njaa, mama."

"Njaa! Mume ananenepa nyumba moja na wewe, wewe una njaa?"

Nilimgeukia Mhoja. Alikuwa ameegemea mlango, tumbo limesukuma vifungo. "Baba Hellen, mwambie mama. Mwambie tunakula nini na anakula nani. Mwambie unavuta nini."

Alijua. Nataka hilo lieleweke. Hakuna mtu duniani aliyejua kama Mhoja alivyojua, maana alishakaa mahali nilipokaa mimi. Alitazama nje barabarani ambako watu walikuwa wanapita.

Kisha akasema, "Mama, mimi sijui mambo ya wanawake. Mwili wake anaujua mwenyewe."

Mama mkwe akainuka. "Basi aende kwao. Na mtoto aende naye, hatujui amenyonya nini."

Nikarudi Misungwi na Hellen mgongoni. Mama yangu aliweka michembe ya viazi vikavu jikoni, akamimina maziwa. Nilikula nikilia. Mavuno ya pili hayajafika nilikuwa nimerudi kuwa Odeta yule waliyemjua kwetu. Nilikwenda hospitali ya misheni kupimwa damu, nikaambiwa sina kitu, na sikumpelekea Mhoja habari hiyo. Ilikuwa ni yangu.

Akatokea Mayala, fundi baiskeli aliyefiwa na mkewe, mwenye watoto wawili. Alikuja kwa adabu, akaongea na kaka zangu, akamtengenezea Hellen kigari cha waya. Mambo yalikuwa yanakwenda polepole na vizuri, na nilianza kusuka nywele zangu tena.

Ndipo Mhoja akaja. Nilimwona tangu kwenye kona ya mashamba ya pamba nikadhani ni marehemu baba yake. Mzee Natvarlal alikuwa amemfukuza kwa harufu ya moshi. Ngosha alikamatwa na mzigo, na bila msokoto chakula kilimkataa Mhoja kabisa, kuliko hata zamani. Mama aliweka ugali na mlenda. Mhoja akamega tonge, akalizungusha mdomoni, akalitema kiganjani.

"Nirudie, Mama Hellen," alisema. "Ukinipikia wewe nitakula."

"Nilikupikia ukala mpaka ukanimaliza."

"Nilikuwa naogopa."

"Na mimi nilikuwa naogopa, Mhoja. Ulikuwa unasikia."

Aliomba kumshika Hellen, mtoto akajificha nyuma yangu. Akaondoka jua likiwa bado kali, na alitembea katikati ya kijiji chote, taratibu, akisimama kupumzika kwenye kila kivuli, na kila aliyekuwa shambani alisimamisha jembe kumtazama.

Jioni ile kisima kizima kilikuwa kimeshajua: kumbe yule ndiye mume wa Odeta.

Mayala hakuja wiki ile. Wala iliyofuata. Nilikutana naye gulioni nikamweleza kwamba nimepimwa, kwamba Mhoja naye alipimwa, kwamba ni chakula, ni chakula tu. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho, mikono yake ameiweka nyuma.

"Nimekuelewa, dada," alisema.

Hakuwahi kuniita dada kabla ya siku hiyo.