Majina Arobaini na Moja

Fundi viatu, jirani yetu wa mlango wa pili, mpaka leo anasimulia kwamba niliingia ofisi ya jiji kwa miguu yangu, nimependeza kama bibi harusi, nikauuza uwanja mchana kweupe. Anasimulia sindano ikiwa mdomoni, na watu wanamwamini.

Ofisi ile hata mlango wake siujui.

Ninachokijua ni benchi la mawe la uwanjani, chini ya mnara wa saa. Mama aliuza maua hapo nikiwa mgongoni. Wazee walicheza drafti, maharusi walipiga picha, na aliyefiwa alikuja kukaa tu, akasogezewa nafasi bila kuulizwa.

Jumamosi moja mjomba, mwenyekiti wetu wa uwanja, alinipa karatasi tupu.

"Mwanangu, wewe una mwandiko. Waandikie majina, waweke dole gumba. Tunaomba maji na taa."

"Mbona juu hakuna maneno, Mjomba?"

"Yatapigwa chapa baadaye, kama siku zote. Au umeshakuwa hakimu?"

Watu wakacheka. Nikacheka nami. Kweli, barua zetu zote zilianza na majina, kwa kuwa watu wa uwanja hawakai mahali pamoja. Na mimi niliishia darasa la saba. Kuandikia watu ndiyo fahari niliyokuwa nayo. Nilimshika bibi muuza karanga kidole, nikakilaza kwenye wino taratibu.

"Kisiende upande," alisema, "wasije wakadhani ni kwato ya mbuzi."

Miezi miwili baadaye uwanja ulizungushiwa mabati. Langoni watu wa jiji walibandika nakala ya karatasi ile. Juu, maneno ya chapa: sisi watumiaji wa uwanja tumekubali kupisha maegesho ya magari. Chini, majina arobaini na moja, kila herufi yangu na mkia wake.

Bibi aliomba nimsomee. Nikasoma yote, hadi jina lake. Alijifuta dole gumba kwenye nguo, mara mbili. Halikuwa na wino.

Mjomba nilimkuta sebuleni kwake anakunywa chai, shingoni kitambulisho kipya: Msimamizi wa Maegesho. Niliweka mezani karatasi nyingine, na kalamu ile ile niliyoandikia majina.

"Andika mstari mmoja tu, Mjomba. Kwamba karatasi ile ilikuwa tupu."

Alikoroga chai. Sukari ilikuwa imeshayeyuka kitambo, naye akaendelea kukoroga.