Safari ya Mia Mbili na Kumi na Moja

Kwa heshima zote zinazostahili chombo chenye injini mbili na choo kisichofungika, naanza na wasifu. Ndege hiyo waliiita Mama Mnene. Wakati wa vita ilibeba magunia ya unga, risasi, askari waliokwenda wakiimba na majeruhi waliorudi kimya. Babu yangu alikuwa fundi wake. Ilipostaafishwa, aliondoka na kitabu chake cha safari, akakificha kabatini chini ya mashuka.

Karakana yao ilikuwa na sheria moja: fundi aliyetia sahihi kwamba injini imepona ndiye anayepanda safari ya kwanza. Hiyo ilikuwa dawa ya uzembe. Safari ya mia mbili na kumi na moja, babu alitia sahihi, kisha homa ikamlaza. Rafiki yake, fundi mwenzake waliyemwita Kijiko kwa ajili ya masikio yake, akapanda badala yake kwa siri. Walikotua walishambuliwa. Mama Mnene aliruka na majeruhi, Kijiko akabaki chini na machela ya mwisho, asionekane tena. Rubani naye alikufa wiki ile ile.

Kitabu kilisema aliyepanda ni babu. Babu alipoulizwa, kwa kuogopa kufungwa, akasema ndiyo, alipanda. Basi Kijiko akaandikwa mtoro, cheo ambacho shuleni kwetu hupewa mtu kila wiki, lakini binti yake amekibeba miaka hamsini.

Mwaka huu jeshi liliamua kuisimamisha ndege langoni mwa kambi iwe ukumbusho, pamoja na kibao cha historia yake. Babu akatoa kitabu. Akaandika pembeni mwa ukurasa wa safari ile: "Sikupanda mimi. Alipanda Kijiko. Niliogopa." Kisha akampigia simu binti wa Kijiko, ambaye sisi humwita shangazi, akamwambia aje asikie jina la baba yake.

Karani wa jeshi alikuja sebuleni kunakili. Alifika ukurasa wa mwisho, akavua miwani.

"Mzee, hawa kuku ni wa nani?"

"Kuku gani?"

Akasoma bila kucheka: "Abiria: kuku mia tatu na jenerali mmoja. Kuku walishuka salama."

Muhula uliopita nilikuwa nimefukuzwa shule wiki mbili, kwa jambo lililohusu mbuzi na ofisi ya mwalimu mkuu. Nilikuwa na muda mwingi, kalamu, na kabati la babu.

"Huo ni utani wangu," nikasema. "Mengine yote ni kweli."

"Kijana, kitabu kimechezewa. Wino huu mpya, na wa pembeni nao mpya. Nitanakili wa zamani tu."

"Wa pembeni ni mkono wangu," babu akasema. "Niulizeni mimi."

"Uliulizwa mwaka ule, mzee. Ulisema ulipanda. Jibu lako limo kwenye faili."

Alipoondoka nilingoja matusi. Babu alifunga kitabu.

"Kuku mia tatu hawaingii," akasema. "Mia mbili, labda." Hakunitania tena hadi siku ya sherehe.

Siku hiyo shangazi aliketi kando yake, amevaa gauni jipya. Ofisa alisoma kibao: tani za unga, idadi ya majeruhi, na fundi shujaa wa safari ya mia mbili na kumi na moja, tuliye naye hapa, asimame tumwone. Babu hakusimama. Makofi yakazidi.

"Magoti, baba mkubwa?" shangazi akauliza. "Niegemee." Akamshika kiwiko, akamnyanyua taratibu. "Jina la baba watalisoma saa ngapi?"

"Halimo," babu akasema. "Safari hiyo ilikuwa yake, mwanangu. Mimi nilikuwa nimelala kitandani, na nilijua ndiye aliyepanda."

Watu walikuwa bado wanapiga makofi. Niliona vidole vya shangazi vikikiachia kiwiko, kimoja kimoja. Babu akayumba. Nikasogea nikamshika mimi.