Aliyeonekana Akibonyeza

Mtandao ulipokatika katikati ya mada yake, Anifa hakushtuka. Tena alifurahi, maana mada yenyewe ilikuwa hiyo: namna ya kuandika tovuti isiyomtupa mteja mtandao unapokatika. Alikuwa ameijenga kwa ajili ya wauza asali, ambao wateja wao huagiza wakiwa safarini, simu ikishika na kuachia. Oda inabaki kwenye simu ya mteja, na mtandao ukirudi inajituma yenyewe. Miezi yote ile aliyoketi sebuleni kwao Itetemia, baba yake akishona nguo za watu upande huu na yeye akiandika upande ule, ilikuwa ni kwa ajili ya dakika zile.

Ili oda ionekane ikienda, ilibidi mtandao urudi. Anifa alikuwa ameshika kipaza sauti na anaendelea kueleza, kwa hiyo akamwomba rafiki yake Hilari, aliyekaa mstari wa mbele, aiunganishe laptopu na mtandao wa simu yake. Hilari akainuka, akainamia meza, akabonyeza. Ukutani pakaandikwa kwamba oda imepokelewa, na ukumbi mzima, waandika tovuti kutoka Nzega mpaka Kigoma, ukalipuka kwa makofi.

Sasa niambieni, ninyi mngekuwepo mngeona nini? Waliona mwanamume kainamia mashine na msichana kasimama anamsubiri. Hawakuuliza zaidi ya hapo.

Kila mada ilipokwisha, wasikilizaji walituma maoni kwa simu, bila kutaja majina yao. Atakayesifiwa kuliko wote ndiye angepelekwa kwenye mkutano mkubwa wa Dar es Salaam, ambako walikuwa wanakuja watu wanaotoa kazi. Anifa aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote duniani. Alikuwa amechoka kuchapa barua za watu kwenye steshenari ya mjini.

Kesho yake asubuhi Advera, aliyeuandaa mkutano, mwanamke asiyependa maneno mengi, akawaita wote wawili. Mada ya Anifa ndiyo iliyoongoza. Lakini watu wengi, alisema huku akiyapitia maoni, walikuwa wanamtaja kijana. Akawasomea machache. Dada anaeleza vizuri, ila fundi ni yule kaka. Safari nyingine mwenye kazi apewe kipaza sauti mwenyewe.

Anifa alicheka. Alicheka kwa sababu mwenye jibu alikuwa ameketi pembeni yake. Hilari alipotoka Puge kuja kusoma, ni nani aliyemfundisha kuandika programu yake ya kwanza? Ni kwa nani alikokula pilau ya Idi, Mkatoliki mwenyewe, mpaka baba yake Anifa, Mzee Yahaya, akamshonea suruali ya mahafali kama anayemshonea mwanawe? Neno moja tu la Hilari, na yale maoni yangekuwa kichekesho.

"Hilari," Advera akasema, "nataka nisikie kwako. Hii kazi ni ya nani?"

Hilari aliangalia viatu vyake.

"Tulisaidiana, dada."

Lioneni neno lilivyo na adabu zake. Angesema kazi ni yangu, Anifa angebishana naye mpaka jua lizame. Lakini ukibishana na mtu anayesema tulisaidiana, unaonekana mchoyo. Anifa alisema kila mstari ameuandika yeye, na sauti ikamtoka kama ya mtoto anayegombea kiti. Akataka kufungua laptopu aonyeshe. Advera akasema yeye si hakimu, jina linatakiwa Dar kabla ya adhuhuri, na kama kazi ni ya wote wawili, basi yeye atawafuata wasikilizaji. Aende Hilari.

Nje Anifa alimngoja aseme kitu. Hilari akasema ana haraka.

Kuikosa safari kulimuuma, nani asingeumia? Lakini watu wa ukumbini hawakuwa wanamjua, waliona walichokiona. Huyu alikuwa anamjua, na ndiye aliyemgeuka mchana kweupe, akiwa amekaa naye benchi moja.

Wiki ile ile, alasiri, Hilari akaja Itetemia. Akamwamkia Mzee Yahaya, akaitikiwa marahaba, akapewa kiti kama kawaida, maana Anifa hakuwa amemwambia baba yake. Angeanzia wapi? Hilari akasogea karibu naye, akaeleza kwa sauti ya chini kwamba Dar wanataka mada ile ile, na ile sehemu ya oda kujihifadhi haielewi vizuri. Amwelekeze kidogo tu.

Hasira ilimpanda Anifa, na ndani ya hasira, aibu iliyoje, tumaini nalo likachomoza. Labda roho ilikuwa inamsuta. Akamwambia atamfundisha yote, tangu mwanzo, bila kinyongo. Ampigie Advera kwanza, hapa hapa, amwambie aliyeandika ni nani.

Hilari akatoa simu. Akaishika kwa muda, halafu akailaza mezani kifudifudi.

"Nyumbani nimeshawaambia," alisema. "Wamenitangaza mpaka kanisani. Puge nzima inajua ni mimi."

Cherehani ikanyamaza.

"Inajua ni wewe umefanya nini, mwanangu?" Mzee Yahaya akauliza, kwa upole tu, kama mtu anayetaka kufurahi pamoja nao.

Anifa akafunga laptopu.

"Mwambie baba," alisema. "Alikuwepo hapa nilipokuwa naandika."

Hilari aliinuka, akachukua simu yake, akamuaga mzee kwa adabu zote. Jumatatu akapanda treni kwenda Dar.