Siku Mama Kipimo Alipoishika Barafu

Tangazo lilibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye mlango wa ofisi ya maji, na mtu wa kwanza kulisoma alikuwa mwanamke mwenye matope kwenye buti hadi magotini. Wenzake kazini walimwita Mama Kipimo. Kwa miaka ishirini na sita, saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, alikuwa akiteremka chini ya daraja, anasoma ubao wa namba uliosimikwa mtoni, anaandika kina cha maji kwenye daftari. Mvua inyeshe, jua liwake, awe na mafua au awe na wageni nyumbani, aliteremka.

Tangazo lilisema kwamba Ijumaa ya wiki ijayo kutakuwa na mkutano wa kuamua juu ya msitu ulio juu ya chemchemi. Kwa kuwa barafu ya mlimani, ambayo ndiyo mama wa mto, inakaribia kwisha, na kwa kuwa mji utalazimika kutafuta maji kwingine, ofisi haioni tena sababu ya kuzuia msitu usikatwe kupisha viwanja vya nyumba.

Alilisoma mara mbili. Kisha akaingia kwa meneja bila kuvua buti.

"Nani kasema barafu ndiyo mama wa mto?"

Meneja alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kusukumia miwani kwenye paji la uso. "Mama Kipimo, hilo mbona kila mtu analijua. Toka nje uangalie. Nilipohamia hapa kilele chote kilikuwa cheupe. Sasa kimebaki kama leso iliyosahaulika kwenye kamba."

"Leso naiona. Lakini mto wangu haukupungua barafu ilipopungua. Ulipungua baada ya upande wa mashariki wa msitu kuungua moto. Nimeandika."

"Umeandika kina cha maji. Hukuandika maji yametoka wapi."

Hapo alimbana. Mama Kipimo akatoka na daftari lake kwapani, amekasirika kwa sababu mwenzake alikuwa amesema kweli.

Nje, kwenye bomba la uani, alimkuta msichana amechuchumaa akijaza maji kwenye vichupa vidogo kama vya dawa ya kikohozi. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, na kwa wiki tatu alizokuwa akizunguka mjini kuchota maji ya kila bomba, kisima, mfereji na chemchemi, watu walikuwa wameshambatiza jina la Chupa.

"Mwanangu, haya maji yote unayapeleka wapi?"

"Maabara, mama. Maji yana alama ya kuzaliwa. Mvua inayonyesha huku chini ina chembe nzito nyingi kidogo. Kadiri inavyonyesha juu zaidi mlimani, ndivyo chembe hizo zinavyopungua. Mvua ya msituni ina alama yake, barafu ya kileleni ina yake, na mashine inazisoma. Nikizipata zote, nitakwambia kikombe unachokunywa kimetoka wapi."

Mama Kipimo alivuta ndoo, akaigeuza, akaikalia. "Basi niambie."

"Siwezi. Sina barafu." Msichana alifunga kizibo taratibu. "Nilijaribu kupanda wiki mbili zilizopita. Nilifika nusu ya njia, kichwa kikataka kupasuka, nikatapika mpaka nyongo. Walinishusha mgongoni kama mzigo wa kuni."

"Nipe vichupa."

"Mama?"

"Vichupa. Unavitaka vingapi vijazwe?"

Mumewe, fundi cherehani, alisikia habari hiyo akiwa na pini tatu mdomoni na nusura azimeze. Mama Kipimo alikuwa na miaka hamsini na saba. Hajawahi kupanda zaidi ya pale chemchemi zilipo. Lakini mume alimjua mkewe. Alipomwona anatafuta soksi nzito kabatini, akajua mjadala umekwisha.

"Na mto nani atausoma?"

"Wewe, Baba Watoto. Saa kumi na mbili na saa kumi na mbili. Usichelewe."

Wa kumpandisha alikuwepo ndani ya ukoo. Mdogo wake mume alikuwa kiongozi wa wapanda mlima kwa miaka thelathini, mtu mrefu mkavu ambaye hakuwahi kuacha kumtania mke wa kaka yake tangu siku ya harusi.

"Shemeji," alisema walipoonana Jumanne asubuhi mahali njia inapoanzia, "nimebeba machela. Nikuchukue sasa hivi umelala au tusubiri uchoke kwanza?"

"Ilalie wewe, upumzishe mgongo wako. Mimi napita."

Wakapanda. Siku ya kwanza yote ilikuwa msitu. Mjini mvua ilikuwa haijagusa ardhi kwa wiki sita, vumbi lilikuwa linaingia mpaka kwenye sukari, lakini huku juu ukungu ulikuwa umeshuka kati ya miti, na kila tawi lilikuwa limevaa sufu nene ya kijani, ya vile vimea vidogo vinavyoota kwenye magome, na kila sufu ilikuwa inadondosha maji. Mama Kipimo alisimama akasikiliza. Matone yalikuwa yanalia pande zote, tap, tap, kama mvua isiyotaka kujulikana. Akatoa kikombe chake cha bati, akakitega chini ya tawi moja. Walipomaliza kula mkate wao kikombe kilikuwa kimefika nusu.

Alikitazama kikombe, akatazama juu, akatazama tena kikombe.

"Shemeji, huwa ni hivi kila siku?"

"Hapa hakukauki. Wageni wangu wanalalamika, viatu vyao vinaoza."

"Na upande ule ulioungua?"

"Kule ukungu unapita tu. Hauna pa kushika."

Alijaza kichupa cha kwanza kutoka kwenye lile tawi, akaandika siku, saa na mahali, akakifunga kwa kitambaa. Kuanzia hapo akawa hashikiki. Shemeji yake, aliyezoea kuwavuta watu, sasa alikuwa anamwomba apunguze mwendo, asije akapatwa na yaliyompata yule msichana. Siku ya pili miti ikaisha, ikaja nyasi, ikaja mawe matupu. Alitembea huku anahesabu pumzi, hatua moja pumzi moja, na kichwa kilimuuma lakini hakusema, na shemeji yake alijua kinamuuma na hakuuliza, ila alimpa maji kila baada ya muda mfupi bila kuombwa.

Siku ya tatu, jua likiwa limepanda vizuri, walipita jiwe kubwa jeusi. Shemeji alilipiga kwa kiganja. "Mwaka wangu wa kwanza kazini, barafu ilikuwa inaishia hapa. Wageni walikuwa wanapigia picha hapa."

Mbele yao kulikuwa na mawe na mchanga tu. Walitembea karibu saa nzima zaidi. Kisha, nyuma ya tuta, ikatokea: ukuta mweupe wenye mistari ya kijivu, mrefu mara mbili ya mtu, umesimama peke yake kwenye mchanga mkavu kama nyumba ambayo majirani wote wamehama.

Mama Kipimo alivua glavu. Aliiweka mikono yote miwili kwenye barafu, ikamng'ata vidole, hakuitoa. Akaweka na shavu. Miaka ishirini na sita alikuwa ameitazama akiwa darajani, na sasa hii hapa, inamganda usoni. Machozi yalimtoka, na alikuwa anacheka.

"Niliogopa utakuta imekwisha," shemeji yake alisema kwa sauti ya chini. Kwa mara ya kwanza katika safari nzima hakuwa na mzaha. "Zamani theluji ilikuwa inakuja kila msimu, inaifunika kama shuka. Siku hizi theluji ni haba, hewa imekauka. Jua linaila huku, upepo unaila kule. Watoto wangu wataisikia kwenye hadithi tu."

Alimega kipande kwa shoka lake dogo, naye Mama Kipimo akakiingiza kwenye kichupa. Shemeji alianza kukizungushia sweta lake asije akakifikisha chini kimeyeyuka.

"Acha, kitayeyuka tu. Chupa alisema kikiyeyuka ndani ya kichupa kilichofungwa, alama inabaki."

"Kumbe. Na mimi nilikuwa nimeshajiandaa kulala bila sweta kwa ajili ya sayansi."

Ndipo Mama Kipimo alipoanza kuzunguka chini ya ule ukuta, ameinama, kama mtu aliyedondosha pete. Alizunguka upande mmoja, akazunguka upande wa pili. Aliporudi macho yalikuwa yamemtoka.

"Mto uko wapi?"

"Mto gani?"

"Mto wangu. Hapa ndipo unapoanzia, si ndivyo wanavyosema? Sasa hivi ni mchana, jua linawaka, barafu inakwisha. Maji yako wapi?"

Shemeji yake alitazama chini. Palikuwa na unyevunyevu kwenye mchanga, mpana kama mkeka mmoja, na hatua kumi mbele ulikuwa umeshakauka. Alikuwa amefika mahali hapa mara zisizo na idadi na hakuwahi kujiuliza.

"Haiteremki," alisema polepole. "Inapaa. Inaondoka na upepo."

Mama Kipimo alipiga kofi moja, akakaa chini kwenye mchanga, akacheka mpaka shemeji yake akamshika mkono amsikilize mapigo ya moyo, akidhani ni hewa nyepesi imempanda kichwani.

"Niko mzima, shemeji. Tushuke. Tushuke upesi, Ijumaa ya mkutano iko karibu."

Walishuka kwa siku moja na nusu, magoti yakilia. Mezani nyumbani alikuta daftari limejazwa vizuri, ila mumewe hakuwa ameuamini ule ubao. Aliteremka mtoni na utepe wake wa kupimia nguo, na pembeni ya kila namba aliandika "nimehakikisha". Mama Kipimo alimkumbatia, matope na yote. Jumapili Chupa alipanda basi la alfajiri na vichupa vyake vimefungwa kwenye sanduku, akiahidi kupiga simu majibu yakitoka.

Jumatatu hakupiga. Jumanne wala Jumatano. Alhamisi alituma ujumbe: mashine ilikuwa mbovu, imetengenezwa, foleni ni ndefu. Ijumaa saa nne asubuhi mkutano ulifunguliwa, ukumbi umejaa mpaka madirishani, na simu ya Mama Kipimo ilikuwa mapajani mwake, kimya.

Meneja alieleza habari ya barafu, akauliza kama kuna mwenye neno kabla watu hawajanyoosha mikono. Mama Kipimo alipiga moyo konde, akasimama na lundo la daftari.

Hakuwa mtu wa hotuba, kwa hiyo alisoma. Mwaka fulani barafu, kama alivyoiona toka darajani, ilikuwa hivi, mto ulikuwa hivi. Mwaka ule barafu ilipungua, mto haukutikisika. Mwaka msitu wa mashariki ulipoungua, kiangazi kilichofuata mto ulishuka kwa kiasi ambacho haujashuka kabla wala baada. Ukumbi ulikuwa umeanza kusinzia mpaka alipofika kwenye kikombe cha bati. Aliposimulia jinsi kilivyojaa wakati mjini hakuna hata umande, wauza maji waliokaa nyuma wakaacha kuongea. Na aliposema kwamba chini ya barafu alikuta unyevu wa mkeka mmoja tu, mtu mmoja alisema wazi, "Hapana bwana." Shemeji yake akasimama mlangoni na kusema, "Nilikuwepo."

Simu ikalia.

Alibonyeza ili wote wasikie. Sauti ya Chupa ilikuja juu juu, kama mtu aliyekuwa akikimbia.

"Mama, majibu haya hapa. Nimerudia mara tatu. Katika kila vikombe mia vya chemchemi, barafu haifiki hata viwili. Karibu vyote vilivyobaki ni mvua na ukungu wa msituni. Ni msitu, mama. Mji mzima unakunywa msitu."

Ukumbi ulilipuka kwa makelele. Watu walisimama, wakageukiana, mzee mmoja alikuwa anamwuliza jirani yake amesemaje, amesemaje. Meneja alisukumia miwani kwenye paji la uso, akaomba simu.

"Binti, una hakika?"

"Nakutumia karatasi sasa hivi."

Meneja alirudisha simu, akachukua tangazo lake kutoka mezani, akalikunja mara nne, akalitia mfukoni. "Nilikosea," aliwaambia watu. "Nadhani hatuna haja ya kunyoosha mikono leo." Walinyoosha hata hivyo, wote, kwamba msitu usiguswe.

Lakini Mama Kipimo alikuwa bado amesimama. Alisubiri makelele yapungue.

"Kuna jingine, na hili si zuri. Joto lililoimaliza barafu linaivuruga mvua pia. Zamani mvua ilikuwa inakuja taratibu, miezi miwili. Siku hizi inamwagwa ndani ya siku chache, mto unafurika, halafu kiangazi kinarefuka. Nimelinganisha: kimeongezeka zaidi ya mwezi mzima. Ule upande ulioungua unaacha maji yote yapite. Tukiuacha hivyo, msitu uliobaki hautatosha."

"Sasa tufanyeje?" aliuliza mwanamke mmoja karibu na dirisha.

"Tupande miti kule. Tuchimbe mitaro ya kukinga maji, yazame ardhini badala ya kukimbia. Tuanze kabla mvua hazijafika."

Walianza Jumamosi ya wiki iliyofuata. Mama Kipimo hakutegemea zaidi ya watu ishirini. Walikuja mpaka majembe yakapungua, wengine wakachimba kwa zamu. Chupa alirudi na vyombo vitano vya kupimia mvua na ukungu, na ofisi ikamkabidhi Mama Kipimo kazi ya kuchagua mahali pa kuviweka. Wawili hao walishinda mchana kutwa wakipanda na kushuka kwenye mteremko mtupu ulioungua, wakibishana kuhusu upepo, huku fundi cherehani akiwafuata nyuma na utepe wake shingoni na chombo kimoja begani, akiuliza kila baada ya hatua chache kama ni hapa au bado.

"Bado, Baba Watoto. Juu kidogo."