Wa Mbele, Wa Nyuma

Saa ya meneja ilipopotea, mlango wa nyuma wa kiwanda cha kufulia nguo ulifungwa kufuli, na wapiga pasi wanne wakapangwa ukutani, magauni yamewaganda mwilini kwa mvuke. Wote wanawake, wote weusi. Mbele, kwenye kaunta, alikuwepo mmoja tu, msichana chotara waliyemwita Maziwa. Meneja akamwita aje awapekue.

"Kwa nini sisi tu?" akauliza mmoja wao. "Wa mbele hawana mifuko?"

"Wa mbele namjua," meneja akasema.

Hakumjua hata chembe. Hakujua kwamba yule mama wa mwisho, mwenye kovu la pasi mkononi, ndiye aliyemzaa Maziwa. Baba, mzungu aliyekuja kwa mkataba, aliondoka mimba ikiwa changa, akaacha rangi na pua. Kwa rangi hiyo Maziwa alizomewa mtaani, na kwa rangi hiyo hiyo akapewa kaunta. Mama mwenyewe ndiye aliyemwonya: kazini tusijuane, usije ukarudishwa nyuma. Wapiga pasi wenzake walijua. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, wakafunga midomo.

Sasa walikuwa wakimtazama.

Alimpekua wa kwanza, wa pili, wa tatu, akijichukia kila alipoingiza mkono. Alitaka kusema huyu wa mwisho ni mama yangu. Akisema, kesho wote wawili wako nje. Akasogea kwa wa mwisho. Alipofika, mama yake alikwishainua mikono na kugeuzia uso ukutani, kumrahisishia kazi.

Mfukoni mlikuwa na leso, na nusu mkate. Nusu nyingine Maziwa alikuwa ameila asubuhi.

"Kuna nini?" meneja akauliza.

"Hakuna kitu," akajibu.

Simu ya meneja ikaita. Mkewe alikuwa ameiona saa nyumbani, kando ya sinki. Meneja akacheka peke yake, akafungua kufuli, asiombe radhi. Akamgeukia Maziwa kwa upole.

"Lakini umefanya vizuri. Kuanzia leo utawapekua kila jioni. Wewe mtu wetu."

Jioni kengele ilipolia, Maziwa alisimama mlangoni, meneja ubavuni pake. Mama yake ndiye aliyetangulia. Hakungoja kuambiwa, akainua mikono, na nyuma yake wenzake wakainua yao.

"Fanya haraka, dada," mama akasema, bila kumtazama. "Tumechoka."